Somo la nadharia ya namba lisifutwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya somo la nadharia ya namba linalofundishwa vyuo vikuu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya hisabati, na somo hilo nimelichagua mwenyewe. Darasani hatufiki kumi na watano. Wenzetu wanatucheka kwamba tunamaliza mkopo wa serikali kwa kuchambua namba tasa, yaani namba kama 7 au 13 ambazo hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Linalosikitisha zaidi ni kuwasikia hata watu wazima wakishauri kwamba masomo yenye wanafunzi wachache yafutwe, fedha zipelekwe kwenye masomo yenye ajira.

Hoja hiyo si mpya. Mwaka 1940 mwanahisabati maarufu wa Uingereza, G. H. Hardy, aliandika kwamba nadharia ya namba haijapata matumizi yoyote ya kivita, wala haielekei kuyapata kwa miaka mingi. Kwake hiyo ilikuwa sifa. Lakini mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, wakiwa Marekani, walitumia somo hilo hilo kutengeneza kufuli la kulinda siri.

Kufuli lenyewe si gumu kulieleza. Zidisha 89 kwa 97, utapata 8633. Hata mtoto wa shule ya msingi ataweza. Sasa mpe mtu 8633 peke yake umwambie atafute namba mbili zilizoizaa, atatoka jasho. Namba zinazotumika leo zina tarakimu zaidi ya 600. Jibu la kuzidisha hutangazwa kwa wote, na yeyote aweza kulitumia kufunga ujumbe; anayeweza kuufungua ni yule tu anayezijua namba mbili za asili. Msingi wake ni kanuni ya Fermat ya mwaka 1640, iliyopanuliwa baadaye na Euler. Njia hiyo na jamaa zake ndizo zinazolinda mawasiliano ya benki kwenye mtandao.

Watajibu kwamba kufuli hizo tunaweza kuzinunua nje. Ni kweli, lakini mnunuzi asiyejua kufuli hawezi kujua kama ameuziwa bovu. Tena kufuli hizi sasa zinabadilishwa. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya aina nyingine, ya kwantamu, ikiwa kubwa na imara vya kutosha, itazivunja. Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa kanuni tatu mpya za kuchukua nafasi yake. Mojawapo inatumia mabaki ya kugawa kwa 3329, nayo ni namba tasa. Mabaki hayo ndiyo tunayofundishwa tangu wiki za mwanzo. Hivyo kufuli linabadilika, lakini elimu ya kulitengeneza ni ile ile.

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ni hatua nzuri, lakini sheria humwadhibu mwizi, haifungi mlango. Je, nani atakagua mitambo ya benki zetu na ya serikali wakati wa kubadili kufuli utakapofika? Sisemi kila mwanafunzi asome somo hili. Wachache wanatosha, ila wachache hao lazima wawepo, na hawaandaliwi kwa mwezi mmoja.

Nawaomba wahusika wasilipime somo kwa kuhesabu vichwa darasani. Afadhali waliweke karibu na wanafunzi wa kompyuta, ili wa hisabati ajue kazi ya namba zake, na wa kompyuta ajue kilichomo ndani ya mashine anayoiamini.

Mwanafunzi wa Hisabati,
Dar es Salaam.