Mgeni Njoo, Mwenyeji wa Isiolo Apone

Ukisimama saa nne asubuhi kando ya kituo cha mafuta mjini Isiolo, kaskazini mwa Kenya, hasa kati ya Julai na Septemba, utayaona magari ya watalii yakiteremka kutoka upande wa Timau. Dereva anajaza mafuta. Wageni wanashuka, wananyoosha miguu, wanauliza msala uko wapi, mmoja au wawili wananunua maji ya chupa. Akina mama wa shanga wanakimbilia madirishani. Muda si mrefu msafara umeondoka, na chakula cha mchana cha wageni hao kimo garini, kimefungwa hotelini tangu alfajiri. Wanaelekea mbuga za Buffalo Springs, Shaba na Samburu. Mji wenyewe wameuona kupitia kioo.

Magari hayo yamekuwa yakipita kwa miaka mingi, na mji umezoea. Naona wakati umefika wa kuuliza swali ambalo wanasiasa wetu hulikwepa: Isiolo inafaidika vipi na ziara hizi za makundi? Na je, tiba ni jiji la kitalii tuliloahidiwa, au iko karibu zaidi?

Kwanza tuelewe biashara yenyewe. Ziara ya kundi hulipiwa yote kabla mgeni hajapanda ndege: kitanda, milo, gari, mwongozaji na tiketi ya mbuga. Malipo hufanyika Ulaya au Nairobi, na kutoka huko pesa hugawanywa. Mgeni anapofika Isiolo, hana sababu ya kufungua mfuko wake. Si kwamba ni mchoyo. Ratiba haikumpa nafasi ya kuwa mkarimu.

Ziara za namna hii hazikuanzia kwetu. Kaskazini mwa Italia zimekuwepo kwa vizazi. Kundi hutua Milano, likaenda Ziwa Como, likapita Verona na Ziwa Garda, likamalizia Venezia. Huko pia mwongozaji hushika bendera mbele na ratiba huhesabiwa kwa dakika. Lakini kuna tofauti tatu ambazo Isiolo ingefaa kuzichunguza.

Ya kwanza ni chombo cha usafiri. Katika maziwa ya Como, Garda na Maggiore, huduma ya boti za abiria huendeshwa na shirika la serikali. Mtalii hukata tiketi na kupanda boti moja na mwenyeji anayerudi nyumbani kijijini. Akishuka Bellagio, anashukia mjini, penye maduka na mikahawa ya watu.

Ya pili ni ada. Sheria ya Italia ya mwaka 2011 iliiruhusu miji ya kitalii kutoza hadi euro 5 kwa kila mgeni kwa kila usiku, na fedha hiyo hubaki katika hazina ya mji. Venezia ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia Aprili 25, 2024, katika siku zilizoteuliwa, hata mgeni wa kutwa asiyelala mjini alitakiwa kulipa euro 5. Mwaka huo huo mji ulipiga marufuku makundi yenye watu zaidi ya 25 pamoja na vipaza sauti vya waongozaji.

Ya tatu ni mwongozaji. Huko kazi hiyo ni taaluma yenye leseni, na sheria ya Desemba 2023 imeiwekea mtihani wa taifa zima. Hawezi mtu yeyote kuinua mwavuli na kuanza kusimulia historia ya Verona.

Najua jibu litakalokuja: Isiolo si Venezia. Ni kweli, na wala sitaki iwe. Venezia inahangaika kupunguza wageni, sisi tunatafuta namna ya kuwashusha garini. Ninachokiona ni kwamba hata mji uliofurika wageni haukuacha biashara ijigawie faida yenyewe. Ulitunga sheria.

Sisi historia ilitufundisha kinyume. Isiolo ilikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na sheria ya kikoloni ya mwaka 1926 iliifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa. Aliyetaka kuvuka alihitaji kibali. Baada ya uhuru vikafuata vita vya Shifta na hali ya hatari iliyodumu kisheria hadi 1991. Ndiyo maana wazee wa huku, wakipanda basi la Nairobi, bado husema wanakwenda Kenya. Mji uliozoeshwa kuwa kizuizi hujifikiria kama mahali pa kupita, na wageni nao huamini hivyo.

Barabara ya lami hadi Moyale, yenye takriban kilomita 500, imeondoa sehemu kubwa ya kutengwa huko. Safari ya Marsabit na hata Ziwa Turkana haimtishi tena mgeni kama zamani. Lakini barabara nzuri ina hatari yake pia: inamwezesha mgeni kupita Isiolo kwa kasi zaidi.

Serikali ilitujibu kwa ndoto kubwa. Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, na mradi wa miundombinu wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu Machi 2012, viliitaja Isiolo kuwa mojawapo ya majiji ya kitalii, pamoja na Lamu na Turkana. Eneo la Kipsing likatengwa kwenye ramani, na uwanja wa ndege ukajengwa upya.

Sipingi uwekezaji. Lakini jiji la mahoteli linahitaji maji mengi, na maji ya huku ni Ewaso Ng'iro. Bwawa la Crocodile Jaws lililopangwa kwenye mto huo lilipingwa na wafugaji wanaoishi chini ya mto hadi Merti, kwa sababu tayari wakati wa kiangazi kirefu mto hukauka kabla ya kuwafikia. Mto huo huo ndio uhai wa punda milia wa Grevy, twiga wa madoa ya wavu, choroa, swala twiga na mbuni wa Kisomali, wanyama wanaomleta mtalii huku. Ukinyima mbuga maji ili ujaze madimbwi ya kuogelea, umekata tawi ulilokalia. Isitoshe, hoteli yenye kila kitu ndani ya ua wake humfungia mgeni kama gari linavyomfungia.

Mifano bora iko karibu nasi. Karibu na Archer's Post, wanawake wa Kisamburu chini ya Rebecca Lolosoli walianzisha kijiji cha Umoja mwaka 1990. Wana shanga zao na uwanja wao wa kambi kandokando ya mto, na mgeni hulipa pale pale. Upande wa Mukogodo, jamii ya Il Ngwesi ilifungua hoteli yake mwaka 1996. Hakuna kati yao aliyesubiri jiji.

Ipo pia ya kutuonya. Januari 2025, mahakama ya ardhi na mazingira ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za jamii za Biliqo Bulesa na Cherab hazikuanzishwa kwa kufuata sheria, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Funzo lake ni kwamba utalii unaopangwa juu ya vichwa vya watu haudumu, hata ukiitwa wa jamii.

Na mji una cha kuonyesha. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanakutana katika soko moja. Akina mama wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia na kuyapeleka kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, kila siku. Kuna nyama ya nyirinyiri, kuna soko la mifugo, kuna familia za Kisomali ambazo babu zao walipewa makao hapa baada ya kuipigania Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko Buffalo Springs kuna dimbwi ambalo husimuliwa kwamba lilichimbwa na bomu la ndege ya Kiitalia katika Vita vya Pili. Hadithi hiyo mgeni huisikia kwa dakika mbili kutoka kwa dereva aliyetoka Nairobi. Kijana wa Ngare Mara angeisimulia kwa saa nzima, na angelipwa.

Pingamizi kubwa ni usalama. Wizi wa mifugo na mapigano yapo, na siwezi kuyaficha. Lakini magari hayo tayari yanapita hapa na wageni tayari wanalala kilomita chache mbele. Anayepata riziki kutoka kwa mgeni ndiye wa kwanza kuilinda njia yake. Pingamizi la pili ni kwamba masharti yatafukuza kampuni za utalii. Kampuni hazitaacha punda milia wa Grevy, ambao waliobaki duniani kote hawafiki 4,000 na wengi wao wako Kenya, kwa sababu ya kijana mmoja wa kuongoza.

Katiba ya 2010 imekabidhi kaunti utalii wa mashinani. Kweli, kaunti haiwezi kubuni kodi ya kitanda bila sheria ya Bunge, na ile ada ya asilimia 2 inayolipwa na mahoteli huenda katika mfuko wa kitaifa. Lakini tiketi za Buffalo Springs na Shaba ni zetu. Bunge la Kaunti linaweza kutunga sheria kwamba kila kundi linaloingia mbugani liwe na mwongozaji mwenyeji aliyefunzwa na kupewa leseni. Linaweza kutenga fungu maalum la mapato ya langoni kwa ajili ya mji na vijiji, na kulitangaza hadharani kila mwaka. Linaweza kujenga kituo kimoja safi chenye vyoo, mkahawa, meza za shanga na maziwa ya Anolei, ili mwanamke asikimbilie tena dirisha la gari. Yote hayo yanagharimu kidogo kuliko barabara moja ya jiji la kitalii.

Wawakilishi wadi wa Isiolo, msitusubirishe ndoto ya 2008. Anzeni na mwongozaji, fungu na kituo, na mtuulize wananchi kabla ya kuandika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja miaka mingi. Sasa ni zamu ya mwenyeji kupona.