Kabla Hujanunua Buti Mpya, Bonyeza Soli

Wasee wa kupanda milima, leo naongea na nyinyi mlio na buti za zamani chini ya kitanda. Ile ya kushoto imefungua mdomo kama mamba, kamba zimechakaa, na mbogi tayari imepanga kwenda Longonot Jumamosi. Sasa ni kwa fundi ama ni dukani?

Msimamo wangu: anza kwa fundi. Lakini kuna aina moja ya buti ambayo usiipeleke mlimani hata kama inang'aa. Shida ni kwamba wengi wetu tunafanya kinyume. Tunatupa ile inayotengenezeka, alafu tunaamini ile itakayotuacha njiani.

Tuanze na pesa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hakuna mtu hunitumia ya matumizi, kwa hivyo kila shilingi naihoji. Buti mpya kali kwenye duka la vifaa vya mlima inaweza kumeza kodi yangu ya mwezi. Zangu nilizitoa Gikomba kwa shilingi 2,800, ngozi ikiwa nzima kabisa. Mwaka jana soli ikaanza kuachana na ngozi pale mbele. Fundi wa mtaani akaniitisha 600. Akakwangua gundi yote ya zamani, akapiga msasa, akapaka gundi mpya, akaibana, alafu akashona uzi kuzunguka soli nzima. Akanionya nisizivae hadi kesho yake. Tangu siku hiyo zimepanda Ngong mara nne na kuingia tope la Elephant Hill mara moja, na hazijafunguka.

Sasa skiza vizuri, hapa ndipo maamuzi yanapofanyika. Kiatu cha mlima kina sehemu tatu. Juu kuna ngozi ama kitambaa. Chini kabisa kuna raba yenye meno. Katikati kuna sponji inayomeza kishindo cha kila hatua.

Ngozi ikiwa haijapasuka pale inapojikunja, iko hai. Mshono ukifunguka, unashonwa. Kamba ni pesa kidogo tu. Raba ikiachana na kiatu, inarudishwa. Meno yakiisha, fundi anaweza kuweka soli nyingine, ila muulize ni soli gani. Raba ya tairi kama ya akala haifi haraka, lakini ni nzito. Usiibebe hadi Point Lenana, mita 4,985 juu, kwa sababu tu ilikuwa bei rahisi.

Sponji ndiyo hakimu. Buti nyingi za mlima zina sponji ya poliyurethani, na adui yake ni unyevu. Unyevu wa hewani huila polepole kutoka ndani miaka ikipita, hata kiatu kikikaa tu kwenye boksi bila kuvaliwa. Siku moja inaanza kupukutika kama keki kavu, soli inatoka nzima, na wewe uko juu ya ukingo wa Longonot na vumbi lile linaloteleza. Gundi haiwezi kushika kitu kinachogeuka unga.

Ndiyo maana kwa mitumba usidanganywe na sura. Buti inayokaa kama haijawahi kukanyaga chini inaweza kuwa ilikaa miaka mingi kwenye stoo ya mtu huko Ulaya. Kabla hujalipa, bonyeza ule ubavu wa sponji na kidole gumba, ukunje kiatu, uangalie. Ukiona nyufa ndogo ndogo, ukihisi inanata, ama chembe zikianguka, rudisha kwa meza. Hata kama ni shilingi 500. Hata kama rangi inakuita.

Najua kuna wenye watasema usalama hauna bei, nunua mpya tu. Nakubali nusu. Kifundo kikiteguka kwa mteremko, zile pesa uliokoa zitaisha hospitali. Lakini kiatu kipya si usalama moja kwa moja. Ukikitoa kwa boksi Ijumaa na kupanda nacho Jumamosi, malengelenge yatakufundisha adabu kabla ya saa sita. Buti ya zamani yenye sponji nzima na soli iliyoshonwa vizuri tayari inajua mguu wako.

Tuseme ukweli, mara nyingi kinachotusukuma dukani ni picha. Sisi watu wa kamera tumezoeza macho kuona kiraka kama umaskini. Mimi kiraka changu nakipiga picha karibu kabisa, uzi wa fundi uonekane. Ule uzi umelipa chakula cha mtu wa mtaa wetu, na umeniachia nauli ya safari ijayo.

Kanuni yangu ni rahisi. Sponji ikiwa hai na matengenezo hayafiki nusu ya bei ya buti nyingine ya kiwango hicho, tengeneza. Sponji ikifa, ama ngozi ikipasuka pale pa kukunja, achana nayo bila huruma. Na mpelekee fundi wiki moja mbele, si Ijumaa jioni, ili gundi ipate muda wake. Ukirudi na buti zimeloa, jaza magazeti ndani uzianike kivulini. Ukiziweka kando ya jiko, moto utakausha ngozi hadi ipasuke na kulegeza ile gundi umelipia.

Kwa hivyo leo jioni, zitoe hizo buti chini ya kitanda. Weka kidole gumba kwenye sponji na ubonyeze kwa nguvu. Ikirudi, fundi anakungoja. Ikibaki unga kwa kidole, shukuru umeijua ukiwa nyumbani.