Shangazi yuko Dammam, mhuri uko Riyadh

Wadau, leo hakuna video. Naandika manake nikiongea nitapandwa na hasira.

Shangazi yangu anafanya kazi ya nyumba Dammam, Saudia. Mwaka wa sita huu. Amenunua ploti hapa Mishomoroni, kidogo kidogo, kwa pesa ya kupiga deki nyumba za watu. Sasa jirani ameanza kushusha bloki ndani ya mpaka. Nyanya alipoenda kulalamika akaulizwa: we ni nani kwenye hii ploti? Wakili akatuambia shangazi atoe hati ya uwakilishi, ile watu huita pawa ofu atoni, amtaje mtu wa kusimama badala yake. Mtu mwenyewe ni mimi. Ndio, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, na karo alikuwa akilipa yeye. Najua, msinikumbushe.

Hati ni kurasa mbili tu. Kazi iko kwenye sahihi. Akiiweka jikoni peke yake haina maana, lazima ashuhudiwe, na kwa Mkenya aliye nje shahidi wa kawaida ni afisa wa ubalozi. Ubalozi wetu uko Riyadh, kama kilomita 400 kutoka Dammam. Yaani utoke Mombasa mpaka unakaribia Machakos, kwa sahihi moja! Na yeye siku ya mapumziko hana, pasipoti anayo bosi. Saudia ililegeza masharti ya kafala Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje.

Kuna mtu ataniambia basi mhuri ufutwe. Hapo sikubali. Huku Kisauni ploti moja kuuziwa watu watatu si hadithi ngeni. Yule afisa anamwangalia usoni, anamuuliza kama anaelewa anachosaini na kama amelazimishwa. Anamlinda na matapeli. Anamlinda hata na mimi.

Ninachosema ni kwamba jicho la afisa laweza kusafiri. Tangu Corona ya 2020 korti zetu zinasikiliza kesi kwa video. Shahidi anaapa mbele ya simu, na mtu anaweza kupoteza nyumba kwa maneno hayo. Mwaka huohuo sheria zikarekebishwa, sahihi za kielektroniki zikakubalika hata kwenye hati za ardhi. Sasa mama aliye na pasipoti kwenye skrini na afisa upande wa pili, kimekosekana nini? Na zile safari maafisa hufanya miji mingine kuhudumia Wakenya ziwe na ratiba ya mwaka mzima, mtu aombe ruhusa mapema. Ingawa kwa asiyeruhusiwa kutoka getini, ni video tu.

2024 Wakenya wa nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na Saudia ilikuwa ya pili baada ya Marekani. Pesa ya shangazi inaingia kwa simu ya nyanya kabla chai haijapoa. Hakuna aliyeiambia ipite Riyadh kwanza.

Jana usiku amenitumia sauti, ananong'ona. Madamu amesema wageni wakiondoka ataangalia. Wageni wenyewe hawajafika.

Asubuhi jirani ameleta lori la mchanga.