AMANA ZA WANYONGE ZILINDWE



Yuko atakayeuliza: habari za benki za Musoma, Bunda na Butiama zatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Zatuhusu sana.

Mwezi wa Februari 1967 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitaifisha benki, na Benki ya Taifa ya Biashara ikabaki karibu peke yake Bara nzima. Nia ilikuwa njema: fedha zimtumikie mkulima wa pamba wa Bunda na mvuvi wa Musoma. Lakini benki ile ilikopesha mashirika ya umma na vyama vya ushirika kwa kufuata amri, pasina kupima kwanza uwezo wa mkopaji. Madeni yakalala. Mwaka 1991 Serikali ilibidi iunde chombo maalumu cha kuyakusanya. Mwaka 1997 benki ikagawanywa, na mwaka 2000 hisa zake nyingi zikauzwa kwa ABSA ya Afrika ya Kusini. Hivyo, lililochukuliwa kwa jina la wananchi likarudi mikononi mwa wageni.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme benki yapata faida ya shilingi 50,000 kwa kila mkopo wa milioni moja. Ukipotea mkopo mmoja tu, faida ya mikopo 20 mizuri imekwenda nao. Basi kupima hatari kabla ya kukopesha si woga; ndiko kuilinda faida, na amana pia.

Wala haya si ya zamani tu. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki 5 kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa ya wakulima wa Kagera, ng'ambo ya ziwa kutoka Musoma. Bima ya amana wakati ule haikuvuka shilingi 1,500,000. Mwenye zaidi alingoja ufilisi.

Sisi nasi tunayo Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, mali ya Serikali. Hatumtuhumu mtu. Twadai tu kwamba mkopo utolewe kwa hesabu, si kwa kikaratasi cha mkubwa. Na kwamba madeni yasiyolipwa yasomwe hadharani Barazani. Wala hadhari isiwe kisingizio cha kumfungia mlango mkulima wa karafuu, kwani mnyonge mara nyingi hulipa.

Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.