Kuazima Si Upungufu wa Akili

Sikubaliani hata kidogo na walimu wa Kiingereza wanaomcheka Mchina anaposema "borrow me your pen". Eti hajui kutofautisha mtoaji na mpokeaji! Anajua sana. Katika Kichina kitenzi ni kimoja, "jie", kwa anayetoa na anayepokea. Kinachobainisha maana ni maneno yanayokizunguka. Kikifuatwa na "gei", yaani kupa, kinamhusu anayetoa. Kiingereza kimegawa kazi hiyo: "borrow" ni la anayepokea, "lend" la anayetoa.

Na sisi je? Husema "niazime jembe", kisha "nimeazima jembe kwa jirani". Kitenzi ni kilekile, wala hakuna aliyepoteza jembe kwa sababu hiyo.

Mimi nalaumu kamusi ndogo zinazoandika "borrow" na mbele yake "jie", kisha "lend" na mbele yake "jie" tena, basi. Mwanafunzi afanyeje? Mwalimu na afundishe kitenzi pamoja na wenziwe: "borrow from", "lend to". Akishindwa hilo, angalau aache kucheka.