Dawa ya moto ni elimu

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Methali hiyo huenda ikafaa vitani, lakini haifai katika bweni la shule, sokoni, wala katika nyumba ya nyasi. Huko dawa ya moto ni elimu, na mwenye dhamana ya kuitoa ni askari wa zimamoto ambaye, pamoja na kuzima moto, amekabidhiwa kazi ya kuwafundisha wenziwe na wananchi. Mkoani Ruvuma kazi hiyo ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani, na jinsi tunavyoithamini hairidhishi.

Tutazame ramani kwanza. Kutoka Songea hadi Namtumbo ni kilometa zipatazo 70. Hadi Mbinga ni karibu 100. Hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, ni zaidi ya 160. Na hadi Tunduru ni zaidi ya 250. Nyumba ya nyasi huteketea kwa dakika chache tu, na bani la kukaushia tumbaku halikawii zaidi ya hapo. Hata tukifanikiwa kuweka gari jipya la zimamoto katika kila makao makuu ya wilaya, bado vijiji vingi vitakuwa mbali mno kufikiwa kwa wakati. Kwa hiyo mwanakijiji aliyefundishwa, mwenye ndoo ya mchanga na akili iliyotulia, ndiye zimamoto wa kwanza wa mkoa huu.

Mkufunzi wa zimamoto huianza siku yake kwa kukagua gari, pampu, mipira ya maji, ngazi na vifaa vya kupumulia. Kisha huwafanyisha mazoezi askari walio chini yake: kutandaza mpira na kuukunja, kuingia katika chumba kilichojaa moshi kwa kutambaa na kupapasa ukuta, kumtoa kwa kamba mtu aliyetumbukia kisimani. Baada ya hapo huenda shuleni, sokoni na viwandani kueleza mambo ambayo ni mepesi kwa anayeyajua: vuta pini ya mtungi, elekeza mdomo wake kwenye shina la moto wala si kwenye ndimi zake, bana mkono, fagia kulia na kushoto. Mafuta ya kukaangia yakiwaka usiyamwagie maji, yafunike. Na king'ora kikilia katikati ya somo, mwalimu huyo huyo huacha chaki na kurukia gari.

Malipo yake mara nyingi huwa ni lawama. Kila nyumba iunguapo utasikia watu wakisema, "Wamekuja bila maji." Yafaa wananchi waelewe hesabu hii. Gari lenye lita 5,000, pampu yake ikitoa lita 1,000 kwa dakika, humaliza maji kwa dakika tano. Lisipopata karibu bomba la kuchotea maji ya zimamoto, halina budi kuondoka kwenda kuyatafuta, na watu huliona likiondoka wakadhani limekimbia kazi. Mabomba hayo yakifukiwa na kifusi au kujengewa vibanda, na vichochoro vikizibwa na kuta za wenye nyumba, askari analaumiwa kwa kosa la waliogawa viwanja na la waliovivamia.

Lipo pia tatizo la kutoaminiwa. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, iliyoiweka kazi hii chini ya jeshi moja la taifa, inampa askari mamlaka ya kukagua majengo, na ukaguzi huo una tozo. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara akiona sare hufikiria risiti kabla ya usalama. Mkufunzi akiitisha mafunzo, mkuu wa ofisi humtuma mlinzi peke yake. Mtungi wa kuzimia moto hununuliwa ili mkaguzi auone, kisha hufungiwa stoo. Namba 114, ambayo ni ya kuokoa maisha, wapo wanaoipiga kwa mzaha.

Mzaha huu una gharama. Mwaka 1994 moto wa bweni la Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, uliua wasichana wasiopungua 40. Mwaka 2009, Idodi mkoani Iringa, walikufa wasichana 12. Agosti 2019 watu zaidi ya 100 walipoteza maisha Morogoro baada ya lori la mafuta kupinduka na wananchi kulikimbilia kuchota petroli. Songea ina shule nyingi za bweni, ina barabara kuu inayopitisha malori ya mafuta, na ina vijana wanaouza petroli kwa chupa. Hatuna kinga ya pekee.

Tena kazi inaongezeka. Mwaka 2024 taifa lilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni mkakati mwema. Utawapunguzia akina mama moshi na kuinusuru misitu yetu. Lakini gesi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na ikivuja haitaki hata kuguswa kwa swichi ya taa. Kugawa mtungi bila somo la kufunga vali na kufungua madirisha ni kuiacha kazi nusu.

Nchi hii imewahi kufanya makubwa katika elimu ya namna hii. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu zaidi ya milioni moja katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Mabalozi wa mashina tunao hadi leo. Kwa nini kila balozi asimwalike mkufunzi wa zimamoto walau mara moja kwa mwaka, kabla ya miezi ya kiangazi ambapo mashamba huchomwa moto na upepo kuusukuma hadi majumbani?

Halmashauri nazo zina wajibu. Diwani anayekaa kimya kichochoro kinapozibwa asiwe wa kwanza kupaza sauti nyumba inapoungua. Bajeti itenge fedha za mabomba ya maji na za mafuta ya gari la mkufunzi, na mamlaka ya maji iyakague mabomba hayo mara kwa mara. Na sisi wanachama tuanze nyumbani kwetu: kila ofisi ya Chama, kuanzia tawi hadi mkoa, iwe na mtungi unaofanya kazi na mtu ajuaye kuutumia. Hatuwezi kuwahimiza wananchi jambo ambalo sisi wenyewe hatulitendi.

Moto uliozuiwa hauandikwi magazetini, na aliyeuzuia hapigiwi makofi. Hiyo isiwe sababu ya kumwacha mkufunzi huyu afundishe viti vitupu. Aitwapo ukumbini, twende.