Daftari la Wiki: Kushuka Sekenke

Misigiri ndipo njia ya Kiomboi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Singida–Nzega. Wasafiri wengi hununua maji, basi linaondoka. Ningewashauri wachungulie dirishani kwenye mteremko wa Sekenke: juu ni mchanga mwepesi uliomeguka kutoka kwenye granaiti, chini, kwenye bonde la Wembere, ni tope jeusi, linavimba masika na kupasuka nyufa kiangazi.

Wasukuma, jirani zetu sisi wa Iramba, wana majina ya mpangilio huo. Luseni ni ardhi ya kichanga, ya juu; itogolo iko mteremkoni; mbuga ndiyo nyeusi ya bondeni. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliandika kwamba udongo wa kilimani na wa bondeni umeungana kama mnyororo, akauita kwa Kilatini: katena. Neno hilo sasa linafundishwa vyuoni duniani kote. Sina ugomvi na Kilatini, ila mkulima asiyepanda mpunga kwenye luseni alikwisha kuishika katena kwa jembe.

Mjini, mbuga ni tembo na watalii. Kwa mjiolojia ni ule udongo mweusi, na ripoti za Kiingereza za enzi ya Tanganyika ziliandika *mbuga* vilevile, bila kutafsiri. Mkandarasi wa barabara naye anaujua: asipouondoa au kuutibu, lami itampasukia.

Dhahabu ya Sekenke Wajerumani walianza kuichimba 1909. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowabana, 1916 waliitumia kufua sarafu za rupia 15 pale Tabora, zenye picha ya tembo. Leo lugha ya machimboni ni ya wachimbaji wadogo wenyewe: duara, yaani shimo la kuchimbia (ambalo mara nyingi lina pembe nne!), matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, karasha la kusaga mawe, mwalo wa kuoshea, marudio yanayobaki. Hakuna kamati iliyokaa kuyapitisha. Neno makinikia, kinyume chake, lilishuka kutoka juu: Machi 2017 Serikali ilizuia mchanga huo wa madini usisafirishwe nje, na ghafla hata muuza kahawa akawa na maoni juu yake.

Shuleni tunakariri miamba moto, miamba mashapo, miamba geu. Mwalimu wa Iramba asihangaike na picha ya kitabuni. Mkanda wa mawe ya kijani wa Iramba–Sekenke, wenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, uko wilayani mwake, na dhahabu imo humohumo.

Mashapo nayo yamepata kazi. TPDC, shirika la taifa la mafuta, inatafuta mafuta na gesi katika bonde la Eyasi–Wembere, ambako matope ya maziwa ya kale yalijilundika tabaka juu ya tabaka. Mafuta yakipatikana, nadhani majina ya kazi hiyo yatatungwa kijiweni Shelui, chini ya Sekenke, kabla Dodoma haijachapisha istilahi zake.